Chombo Kisichosema na Mwanafunzi

Kila zama huja na chombo chake, na kila chombo hulakiwa na watu wawili: mmoja hukishangilia kabla ya kukijua, na mwingine hukikimbia kabla ya kukijaribu. Wote wawili hukosea kwa namna moja, maana hakuna kati yao aulizaye swali lipasalo kutangulia: chombo hiki kitasema na nani, na kwa lugha gani? Leo chombo kilichofika vyuoni ni programu za kufundishia na kujifunzia zikaazo katika wavuti. Ndani yake mwalimu huweka masomo, hutoa mazoezi, husahihisha na kuandika alama. Mwanafunzi naye husoma, hujibu na kuuliza, ijapokuwa yu mbali na darasa. Ni chombo chema. Aibu iliyopo si ya chombo. Ni ya vyuo vinavyokipokea kama mgeni aliyekuja na mzigo wa heri, kisha vikamwacha kizingitini kwa kuwa hakuna aliyejitia taabu ya kumfasiria. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; hawakusema mgeni njoo, mwenyeji aduwae.

Aibu hiyo haionekani upesi katika miji mikubwa, ambako Kiingereza kizuri na kibovu huchanganyika hata mtu asijue alichokosa ni elimu au ni lugha. Huonekana dhahiri mtu akifika Kibaha na Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani. Huko kote viko vyuo vya maendeleo ya wananchi, vya namna ile iliyoanzishwa Tanzania mwaka 1975. Vijana na watu wazima, wengi wao wakiwa na elimu ya msingi tu, huja kujifunza useremala, uashi, umeme, ushonaji na kilimo. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili. Mwalimu wa umeme hueleza kwa Kiswahili, mwanafunzi hujibu kwa Kiswahili, na taa haikatai kuwaka kwa sababu ya lugha hiyo.

Sasa mwanafunzi huyo na apewe programu ya wavuti kama zilivyo katika vyuo vikuu vingi: Kiingereza mlangoni, Kiingereza katika kila kitufe, Kiingereza katika kila onyo. Atashindwa zoezi lake si kwa kutojua kuunga waya, bali kwa kutojua kitufe kipi hutuma jibu na kipi hulifuta. Mwalimu ataandika kuwa mwanafunzi ni mzito wa kuelewa. Mkuu wa chuo ataandika kuwa watu wa shamba hawajawa tayari kwa elimu ya kisasa. Ukweli hautaandikwa na mtu: aliyeshindwa ni chuo, kwa kuwa kilimjengea mtu mlango kisha kikamficha ufunguo.

Ardhi ile ile ina mashahidi dhidi ya uzembe huu. Shahidi wa kwanza yuko Kisarawe. Chuo cha Mtakatifu Andrea, kilichohamia Minaki katika miaka ya 1920, kilitoka Kiungani, Unguja, kwa wamisionari wa UMCA. Katika karne ya 19 wamisionari hao walileta Unguja mashine ya chapa. Hiyo nayo ilikuwa chombo kigeni, yenye herufi za chuma zilizoundwa kwa lugha za Ulaya. Lakini Edward Steere na wenzake hawakuiacha iseme Kiingereza peke yake. Vijana, miongoni mwao waliokombolewa katika utumwa, walifundishwa kupanga herufi, na mashine ikatoa vitabu vya Kiswahili. Hata mwaka 1888 likatoka gazeti la Msimulizi. Steere alikuwa na makusudi yake ya dini, na mtu anaweza kuyakubali au kuyakataa. Lakini jambo moja alilijua ambalo vyuo vya leo vimelisahau: mashine haina lugha ya kuzaliwa nayo, husema lugha ya mtu aliyeipangia herufi.

Shahidi wa pili yuko Kibaha. Shirika la Elimu Kibaha lilitokana na mradi wa nchi nne za Kaskazini ya Ulaya, yaani Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi, ulioanza mwaka 1963 ukakabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970. Watu wengi hukumbuka majengo na fedha za mataifa hayo. Wachache hukumbuka njia waliyoipita wao wenyewe. Chuo cha kwanza cha wananchi katika Denmaki kilifunguliwa Rødding mwaka 1844, kwa kufuata mawazo ya Grundtvig, mchungaji na mshairi, aliyeshikilia kuwa mkulima aelimishwe kwa Kidenmaki kilicho hai, si kwa Kilatini cha wateule. Ufini nayo ilitawaliwa na Kiswidi katika ofisi na elimu, mpaka amri ya mwaka 1863 ilipoifungulia lugha ya Kifini njia ya kuwa sawa nacho katika shughuli za serikali. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Tanzania viliigwa kutoka Uswidi, iliyokuwa imeiga kwa Denmaki. Basi ni ajabu iliyoje kuiga nyumba na kuacha msingi wake!

Itasemwa kwamba wageni ndio waliowanyima Waswahili nafasi. Si kweli. Moodle, programu iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, ndiyo itumikayo katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na ndiyo iliyofuatwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baada ya kutumia WebCT na Blackboard, ambazo ni za kununuliwa. Leseni ya Moodle humruhusu mtu yeyote kuichukua, kuibadili na kuifasiri bila ya kuomba wala kulipa, na njia ya kuingiza tafsiri imeachwa wazi. Kwa hiyo kinachokosekana si ruhusa. Kinachokosekana ni watu wa kuikamilisha kazi hiyo kwa Kiswahili sanifu, kuijaribu darasani, na kuitunza mwaka hadi mwaka.

Wala haisemekani kuwa jambo hili halijawezekana. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu iliyofasiriwa kwa Kiswahili kwa juhudi za watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uswidi. Maneno yalipatikana, kompyuta haikugoma. Lakini programu si kitabu kichapwacho mara moja kikawekwa rafuni. Hubadilika kila mara, na tafsiri isiyofuatwa huchakaa kama makuti yasiyoezekwa upya. Leo ni nadra kumkuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyepata kulisikia jina la Jambo OpenOffice.

Hapa lawama haina budi kufika pale isipopendwa kufika, katika idara za Kiswahili. Tasnifu juu ya istilahi zimeandikwa kwa wingi. Wataalamu wameshindana kwa miaka kama chombo kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na kila upande umepata makala yake na sifa yake. Wakati mashujaa wa hoja wakipigana, kitufe kimebaki na Kiingereza chake. Neno lililofungwa katika tasnifu ni mbegu iliyofungwa katika chupa. Na alitazamwe neno kishikwambi. Katika sensa ya mwaka 2022 makarani walivitumia vishikwambi nchi nzima, kisha vikagawiwa kwa walimu. Na watu ambao hawajafungua kamusi ya istilahi hata siku moja wakalitamka neno hilo sokoni na nyumbani. Halikushinda kwa uzuri wake, bali kwa sababu lilifika likiwa pamoja na chombo mkononi. Neno hukaa pale chombo kinapokaa.

Wako wasemao kuwa Kiingereza ni lugha ya sayansi ya dunia, hivyo kumpa mwanafunzi chombo cha Kiswahili ni kumfungia ndani. Hoja hii ina nguvu kwa sikio na udhaifu kwa akili. Aliyeelewa mkondo wa umeme kwa Kiswahili hujifunza jina lake la Kiingereza kwa siku moja. Aliyekariri jina asielewe umeme hawezi kuitengeneza hata pasi ya nyumbani kwake. Wako pia wasemao kuwa sasa mashine hufasiri zenyewe, na taabu ya wasomi imekwisha. Mashine hufasiri kwa kufuata maandishi iliyoyakuta. Ikikuta machache na mabovu, hufuata uchache na ubovu. Liko neno la Kiingereza lenye kumaanisha mkondo wa umeme na pia jambo la sasa. Mashine isiyo na msomi wa kuisahihisha yaweza kumwandikia fundi maneno ya sasa mahali pa mkondo, na fundi anayefanya kazi na waya hana nafasi ya kukosea mara mbili.

Dawa haihitaji mfadhili mpya. Idara ya Kiswahili yaweza kuwapa wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho, mahali pa insha moja wasiyoitaka wao wala mwalimu wao, sehemu ya programu waifasiri. Kisha waipeleke Kibaha au Kisarawe, wakae kando ya mwanafunzi wa uashi au ushonaji, wamtazame anapokwama, na wabadili neno lililomkwamisha. Mwalimu wa ufundi awe mwamuzi kuliko kamusi. Masomo yaandikwe mepesi, kwa maandishi na sauti, yafunguke katika simu ndogo bila ya kumaliza kifurushi. Na chuo kikuu kikubali kuwa mhadhiri aliyeisimamia kazi hiyo amestahili kupanda cheo sawa na aliyechapisha makala. Sharti hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa wasomi, kama watu wengine, huenda mbio kule kwenye ujira.

Wanafunzi wamekwisha kutoa hukumu yao bila ya kungoja kamati. Masomo huwekwa katika programu ya chuo kwa Kiingereza, na maswali juu yake huulizwa na kujibiwa kwa Kiswahili katika makundi ya WhatsApp, mbali na macho ya mwalimu. Huko ndiko wanakoelewana, na huko hakuna wa kuwasahihisha wanapopotoshana. Chuo kinachotaka kuwafundisha hakina budi kuwafuata katika lugha yao. Kisipofanya hivyo kitabaki na programu yake, hesabu ya waliojiandikisha, na darasa lililo mahali pengine.