Mnyama wa Tendaguru asiyejulikana ukoo

Juma hili tunajibu swali la watoto. Wanaona dinosaria katika picha, wale wanyama wakubwa wa kale, kisha wanarudi nyumbani kutuuliza majina yao. Tumemchagua mmoja wa jirani, Tanzania, ambaye hata wataalamu wanabishana juu ya ukoo wake.

Anaitwa Janenschia. Alikula majani, na ni wa kundi la wale wenye shingo ndefu. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita huko Tendaguru, kilima kilicho bara ya mji wa Lindi. Mwaka 1907 Mjerumani Eberhard Fraas alipata hapo mifupa ya mguu wa nyuma. Mwaka uliofuata akampa mnyama jina la Gigantosaurus, kumbe jina hilo lilikwisha kutumika Uingereza mwaka 1869! Mwaka 1911 akaitwa Tornieria, na mwaka 1991 ndipo akapata jina la Janenschia. Mtoto mmoja, majina matatu.

Lakini ugumu wenyewe si jina, ni ukoo. Wengine walimhesabu kuwa titanosaria wa mapema kabisa, wengine wakamweka karibu na Camarasaurus wa Marekani. Mwaka 2019 wachunguzi walirudia kazi na kumtoa katika koo zote mbili, wakamweka kwenye tawi la zamani zaidi. Sababu ya ubishi ni kwamba anajulikana kwa mifupa ya miguu hasa. Ni kama uletewe mguu wa kuku sokoni, kisha uulizwe kuku huyo alikuwa na manyoya ya rangi gani.

Kulikuwa na mkia pia. Ulitoka Tendaguru, ukawekwa Berlin, na kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa wake. Mwaka huohuo wa 2019 wachunguzi wakasema hakuna ushahidi wa kuufunga mkia ule na miguu ile. Wakampa mwenye mkia jina lake, Wamweracaudia keranjei, na kumkuta anafanana na ndugu zake wa China. Wamwera ni watu wa Lindi. Keranje ni Mohammadi Keranje, mmoja wa wasimamizi wa uchimbaji. Jina hilo limetufurahisha, ingawa limekuja baada ya miaka zaidi ya mia. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya watu walichimba pale, wengi wakiwa na wake zao na watoto. Mifupa ilibebwa kwa miguu hadi Lindi, mwendo wa siku kadhaa, ndipo ikapanda meli. Janensch, ambaye Janenschia ina jina lake, alikuwa mkuu wa safari hiyo.

Jambo moja mifupa ya miguu imelieleza vizuri. Ndani yake mna alama za ukuaji, kama pete za mti uliokatwa. Janenschia mmoja aliyechunguzwa hivyo alifikia umri wa kuzaa akiwa na miaka 11 au zaidi, akaacha kukua penye miaka 26, akafa akiwa na miaka 38 hivi. Kwa hiyo hata yeye alizaa kabla ya kumaliza kukua.

Mtoto akikuchorea Janenschia mzima, mwulize kichwa amekiona wapi. Wataalamu wenyewe bado hawajakipata.