Afadhali hofu ya kitabuni

Wadau, kuna hoja moja nimechoka kuisikia hapa Dodoma. Eti kijana aliyeshika dini hana sababu ya kusoma riwaya za mizimu, makaburi na vifo vya ajabu. Eti zinamfungulia shetani mlango. Anayesema hivyo mara nyingi ni msomi mwenzetu, na ukimpa nusu saa atakusimulia yeye mwenyewe habari za majini ya jirani yake, bila shahidi hata mmoja.

Mimi nasema vijana wetu wanazihitaji riwaya hizo, na mwenye imani anazihitaji kuliko wengine.

Tuanze nyumbani. Mwanzoni mwa Oktoba 2016, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino. Gari lao likachomwa moto. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Uvumi ukasema ni mumiani, wanyonya damu. Vyombo vya habari viliripoti wakati ule kwamba hata kipaza sauti cha kanisa kilitumika kutangaza hatari hiyo.

Sijasikia mtu akilaumu riwaya kwa mauaji yale. Uvumi ulitosha. Ulikuwa na kila kitu cha hadithi ya kutisha: wageni, gari lisilojulikana, damu. Ulichokosa ni mtu mmoja wa kusimama mbele ya umati na kuuliza, "Hebu tuone, kwenye mifuko yao mna nini?" Mlikuwa na udongo.

Mtu huyo tunaye kwenye fasihi yetu. Anaitwa Bwana Msa, anavuta kiko, na rafiki yake ni Najum. Aliyemuumba ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwandishi wa habari kama sisi. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58, ikachapishwa 1960. Maiti inakutwa mahali penye mzimu, watu wanaingiwa na hofu, na wewe msomaji nywele zinakusimama. Bwana Msa yeye anaanza kuuliza nani alikuwa wapi na nani anafaidika. Mwishoni muuaji ni binadamu mwenye mikono kama yako.

Huo ndio utamu wake. Hadithi inakupa hofu yote unayoitaka, halafu inakulazimisha uifuate hofu hiyo mpaka kwenye ushahidi. Ann Radcliffe wa Uingereza alifanya hivyo mwaka 1794 katika The Mysteries of Udolpho: kasri la kutisha, sauti za ajabu, na mwishowe maelezo ya kawaida. Na kwa wale wanaodhani kuchunguza ni kukufuru, wamsome Father Brown wa G.K. Chesterton, aliyeanza kuonekana kwenye vitabu mwaka 1911. Ni padri wa Kikatoliki. Wenzake wasio na dini wanapokimbilia kusema ni mizuka, yeye ndiye anayetafuta mtu aliyefanya kosa. Anamwamini Mungu, kwa hiyo haoni haja ya kuamini kila kinachosemwa.

Najua mtaniambia kuna hadithi na filamu za kutisha zinazolea ushirikina. Kweli zipo. Mchawi anatajwa dakika ya tano, nabii anaingia mwishoni anakemea, kwisha habari. Hakuna aliyeuliza swali. Hizo zizomewe, tena hadharani. Lakini dawa ya hadithi mbovu ni hadithi nzuri. Ukiwanyima vijana zote mbili, hofu yao haiondoki. Itakwenda kulishwa na anayeuza mafuta ya upako, au na ujumbe wa simu usio na jina.

Wengine mtasema huu ni ushamba, sisi watu wa mjini tumeshavuka huko. Haya, tuseme tumevuka. Mbona tunasambaza sauti za "wametekwa watoto" kabla hatujapiga hata simu moja kuuliza?

Nataka mambo mawili tu. Maktaba za shule na vikundi vya vijana, vya makanisani na misikitini, viweke Bwana Msa kwenye rafu na vimjadili. Na nyie mnaoandika, acheni kuhamishia kila kisa Dar es Salaam. Hapa kwetu kuna mapango ya michoro ya Kondoa, urithi wa dunia tangu 2006, na baadhi yake watu bado wanafanyia matambiko. Mnataka mandhari gani zaidi ya hiyo?

Mwandishi atakayemweka mpelelezi mwenye imani na maswali katikati ya Ugogo atatuburudisha sana. Na siku umati mwingine utakapozingira gari la wageni, pengine atakuwepo hapo msomaji wake mmoja.

Mnaopinga, semeni. Ila njooni na ushahidi.