Paneli haina toleo jipya

Leo naweka kando mambo ya programu, niseme kidogo kuhusu umeme wa jua.

Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani walionyesha seli ya jua ya perovskaiti iliyogeuza asilimia 3.8 tu ya mwangaza kuwa umeme. Leo zile za maabara zimepita asilimia 26, na zikiwekwa juu ya silikoni zimepita 34. Ni nyepesi, na zaweza kupakwa kama wino. Nani hatazipenda?

Mimi nazipenda, ila nasema tusizikimbilie. Paneli nyingi za silikoni huuzwa na dhamana ya miaka 25 au zaidi. Perovskaiti huharibiwa na unyevu, hewa, joto na hata miale ya jua lenyewe. Mtihani mmoja wa kawaida ni kuiweka paneli saa 1,000 kwenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85. Saa 1,000 ni siku 42 hivi. Kuupita ni mwanzo tu, si ushahidi wa miaka 25 juu ya mabati.

Pili, seli zilizo bora zina risasi inayoweza kuyeyuka majini. Ni kidogo, kama gramu moja au chini yake kwa mita mraba, wakati betri ya gari ina kilo kadhaa. Lakini Wakenya tunaijua risasi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, baada ya madhara kutokea.

Wanasayansi wamejaribu madini ya bati badala ya risasi, lakini hewa huyaharibu upesi. Afadhali kwa sasa kuziba seli barabara kati ya vioo, na kuweka tabaka la kunasa risasi kioo kikivunjika.

Programu yangu ikiwa na kosa, nalirekebisha usiku na asubuhi mnapakua toleo jipya. Paneli iliyo juu ya paa Kitui haina toleo jipya. Kwa hivyo atakayetuuzia atuonyeshe kwanza vipimo vya miaka kadhaa juani, kisha akubali kuzichukua zikizeeka. Sheria ya taka ya 2022 tayari inawabebesha wazalishaji jukumu hilo. Tuidai mapema, kabla ya mzigo kufika bandarini.

Ama mwaonaje?