Polisi, kamera na mtuhumiwa: hukumu isitolewe kwenye televisheni

Nchini Marekani, kipindi cha Cops kilianza mwaka 1989. Kamera inawafuata polisi kazini: mbio za magari, mtu anaangushwa chini, anafungwa pingu, basi. Kila mara watazamaji wanaambiwa kwamba mtuhumiwa hana hatia mpaka mahakama iamue. Lakini mahakama yenyewe haionyeshwi. Kinachobaki kichwani ni zile pingu.

Hasara haiishii kwenye jina la mtu. Mwezi Mei 2010, mjini Detroit, polisi walivamia nyumba usiku wakimtafuta mshukiwa wa mauaji, huku timu ya kipindi cha The First 48 ikirekodi. Risasi ya polisi ilimuua mtoto wa kike wa miaka 7 aliyekuwa amelala. Mpaka leo watu wanauliza kama polisi wangeingia kwa kishindo kile bila kamera. Na tangu 1999, Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kusema kwamba polisi kuingiza waandishi wa habari ndani ya nyumba ya mtu wakati wa msako ni kuvunja katiba. Cops ilisimamishwa Juni 2020, baada ya kifo cha George Floyd, lakini ikarudi mwaka uliofuata.

Hapa Congo tuna desturi inayofanana na hiyo. Vijana wanakalishwa chini, silaha zimepangwa mbele yao, kiongozi anawaambia waandishi wa habari kwamba hawa ndio majambazi wanaosumbua wakaaji. Jioni hiyo hiyo picha zinazunguka kwenye WhatsApp.

Ni kweli, wakaaji wanaolala na hofu kila usiku wana haki ya kujua kama polisi wanafanya kazi. Lakini kifungu cha 17 cha Katiba yetu kinasema kila mshtakiwa anahesabiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe, na kifungu cha 18 kinalinda heshima ya kila aliyefungwa. Kijana akiachiliwa kwa kukosa ushahidi, hakuna kamera inayomngojea mlangoni. Mtaani anabaki mwizi. Na katika miji yetu, ambako watu wenye hasira huchukua sheria mikononi, kuitwa mwizi kunaweza kumuua mtu.

Polisi watangaze idadi ya waliokamatwa, mahali na silaha zilizopatikana, lakini wafiche nyuso na majina. Nasi waandishi wa habari, tuliokimbilia kwenye onyesho la asubuhi, tuende pia siku ya kesi, tuandike nani amehukumiwa na nani ameachiliwa. Habari ya mtu aliyekamatwa haijaisha mpaka hakimu aseme.