Raketi Isiyokudai Mengi
Mtu wa makamo anayecheza tenisi Jumamosi tu, Bungoma au Kitale, ana haja gani na raketi ya gramu 340 yenye kichwa kidogo? Mpira ukigonga kando kidogo ya katikati ya nyuzi, mpini hujipinda mkononi, na kiwiko ndicho kinachoumia. Chukua ya gramu 280 hivi, kichwa cha inchi 100 za mraba. Kubwa zaidi ya hapo sishauri, kwani Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali wenyewe, usije ukaupeleka kwenye mahindi ya jirani. Vijana watakuita mzee. Waache. Roger Federer, akiwa na mataji makubwa 17, aliacha kichwa cha inchi 90 mwaka 2014 akahamia cha 97, kisha akaongeza matatu. Anayenunua ya mtumba naye asidanganyike na rangi: aipunge hewani kama anayeanzisha mpira, tena na tena, na bega likianza kuuma airudishe, hata muuzaji akishusha bei.