Mkulima yuko wapi katika hesabu za wachumi?

Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilianza kutumia riba yake kuwa nyenzo kuu ya sera ya fedha, badala ya kulenga kiasi cha fedha kilichomo katika mzunguko. Riba ya kwanza ilikuwa asilimia 5.5. Aprili mwaka huo ilipanda hadi asilimia 6, na Julai 2025 ikashushwa hadi asilimia 5.75. Mabenki huitazama riba hiyo yanapokopeshana, na hatimaye inaweza kugusa mkopo wa mwenye duka la pembejeo na wa mnunuzi wa mahindi.

Utaratibu huo unahitaji makadirio ya mfumuko wa bei wa miezi ijayo. Makadirio hayo hufanywa kwa msaada wa modeli za uchumi, yaani milinganyo ya hisabati inayotatuliwa kwa kompyuta. Watu wanaoziweza kazi hizo ni wachache, na wengi wao huzisomea katika shahada za uzamili na uzamivu. Katika Afrika, muungano wa utafiti wa uchumi wa AERC wenye makao yake Nairobi ulianzisha programu ya pamoja ya uzamivu mwaka 2002, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vyuo vilivyoshiriki.

Wapo wanaodhani masomo hayo ni anasa ya wasomi, na kwamba mkulima hayamhusu. Hawako sahihi. Yanamhusu sana, na ndiyo maana ana haki ya kuuliza yanafundishwaje.

Modeli ya kawaida ya darasani huanza na kaya moja inayowakilisha kaya zote. Kaya hiyo huamua itumie kiasi gani leo na iweke akiba kiasi gani kwa ajili ya kesho. Mwanafunzi huipa kaya kipimo cha uvumilivu, na namba inayotumika mara nyingi vitabuni ni 0.99 kwa robo mwaka. Maana yake ni kwamba Sh100 za kupokea baada ya miezi mitatu zina thamani ya Sh99 leo. Namba hiyo inalingana na riba ya takriban asilimia 4 kwa mwaka, na imezoeleka kutokana na takwimu za nchi kama Marekani.

Sasa mchukuliwe mkulima anayekopa Sh50,000 kwa mfanyabiashara mwezi Februari, wakati wa palizi, na kurudisha Sh75,000 baada ya mavuno mwezi Juni. Amelipa nusu nzima ya deni juu, kwa miezi minne tu. Hakufanya hivyo kwa kukosa uvumilivu. Benki haimfikii, ghala hana, na ada ya shule haisubiri bei ipande. Akiingizwa kwenye modeli kwa namba 0.99, kompyuta itatoa jibu safi kuhusu mtu ambaye hayupo kijijini.

Kosa la namna hiyo lina gharama. Katika kapu la bidhaa ambalo Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hulitumia kupima mfumuko wa bei, vyakula na vinywaji visivyo na kilevi huchukua zaidi ya robo. Mvua zikikatika, unga hupanda bei na mfumuko hupanda nao. Modeli isiyotofautisha ukame na wingi wa fedha inaweza kushauri riba ipandishwe. Riba haileti mvua, lakini inaweza kumnyima mkopo mtu aliyetaka kununua mbegu za msimu ujao.

Hata hivyo, elimu hii ikitumika vizuri inaweza kumtetea mkulima. Mwaka 1976 mchumi wa Marekani Robert Lucas, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1995, alionya kuwa matokeo ya sera mpya hayatabiriki kwa takwimu za zamani pekee, kwa sababu watu hubadili mwenendo sera inapobadilika. Serikali ya Tanzania ilizuia mahindi kuuzwa nje mwaka 2011, na tena mwaka 2017. Kwa hesabu ya juu juu, mahindi yakibaki nchini bei hushuka na mlaji hunufaika. Hesabu ya Lucas inauliza zaidi: mkulima aliyeuza kwa hasara atalima ekari ngapi msimu unaofuata? Je, hatahamia kwenye alizeti?

Taaluma yenyewe imeanza kukiri kuwa kaya moja haitoshi. Mwaka 2018 Greg Kaplan, Benjamin Moll na Giovanni Violante walichapisha modeli yenye kaya za hali tofauti, zikiwamo zisizo na fedha za akiba mkononi. Walionyesha kuwa riba ya benki kuu humfikia mtu wa namna hiyo zaidi kwa kupitia kipato na ajira. Njia hiyo imefunguliwa, na vyuo vya Afrika Mashariki havina sababu ya kubaki nyuma.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanafunzi wa uzamivu anapaswa kukaa angalau msimu mmoja akiandika bei za shambani, gulioni na mjini kabla ya kuchagua namba za modeli yake. Na anapotetea tasnifu yake aulizwe swali moja kwa Kiswahili chepesi: mkulima yuko wapi katika hesabu hizi?

Wakulima na wafanyabiashara nao wana wajibu. Vyama vya ushirika, SACCOS na wauza pembejeo watunze daftari za bei, mikopo na mavuno, kisha wakubali zitumiwe na watafiti. Asiyeandika hesabu zake ataandikiwa na asiyemjua, na ushauri utakaotolewa kwa hesabu hizo utamfikia yeye kupitia bei na riba.