Ile violini itoke kabatini



Kuna violini moja imelala kabatini tangu mgeni mmoja alipoiacha mwaka jana. Sisi vijana tumeiomba mara tatu. Mara ya kwanza tuliambiwa tungoje. Mara ya pili, eti tutaivunja. Mara ya tatu ndipo likatoka jibu lenyewe: mkimbizi ajifunze cherehani, kusuka nywele, kutengeneza sabuni, violini ni ya wazungu na haimlishi mtu. Aliyesema hatumtaji, maana hayuko peke yake. Hata mama zetu wanasema hivyo, na tunawaheshimu. Lakini kwa hili tunakataa.

Tuanze na kwetu Kongo. Armand Diangienda wa Kinshasa ni mjukuu wa Simon Kimbangu, yule mhubiri ambaye Wabelgiji walimfunga mwaka 1921 akafia gerezani mwaka 1951. Armand hakusoma shule ya muziki. Alikuwa rubani wa ndege, kazi ikapotea. Alijifundisha mwenyewe kupiga chelo (ile kubwa inayoshikwa katikati ya magoti), na mwaka 1994 akakusanya waumini wenzake wakaanza okestra. Watu walikuwa wengi kuliko violini. Mmoja anapiga dakika zake, halafu anampa mwenzake anayengoja. Uzi ukikatika na dukani hakuna, walichukua waya wa breki ya baiskeli wakaufunga pale. Tunarudia: breki ya baiskeli! Na sisi tunaambiwa tutaivunja hii yenye nyuzi zake zote nne.

Okestra hiyo ya Kimbanguiste ikapiga mpaka Simfoni ya 9 ya Beethoven. Wajerumani wawili wakatengeneza filamu juu yao, ikatoka mwaka 2010, na mwaka 2013 jumuiya ya kifalme ya muziki ya London ikampa Diangienda uanachama wa heshima. Kuna watu wakiona filamu ile wanasema tu, "maskini hawa, lakini wana furaha." Sisi hatukuona hivyo. Tuliona watu wanakosea, wanasimamishwa, wanarudia palepale mpaka wanashika. Umeme ukikatika katikati ya mazoezi, wanaendelea kupiga gizani.

Sasa hilo la kulisha. Ni kweli, hailishi, hatutadanganya. Wapigaji wale hawakuwa na mshahara. Joséphine Nsimba, mpigaji wa chelo anayeonekana kwenye filamu ile, alikuwa anauza kimanda sokoni. Asubuhi mayai, jioni chelo. Kwani chelo ilimzuia kuuza mayai? Na mayai yalimzuia kupiga? Basi nani alituwekea sisi kwamba ni lazima tuchague: cherehani au violini? Cherehani tunaitaka. Wengine wetu tayari tunashona. Jua likishuka cherehani inafunikwa, na hapo ndipo tunabaki tumekaa kwenye ukuta tunahesabu magari yanayoteremka Kamembe. Saa ile ndiyo tunayoiomba.

Eti ni ya wazungu. Jamani! Wanyarwanda wana iningiri, ya uzi mmoja, nayo inapigwa kwa upinde. Waganda wana endingidi, ndugu yake. Na kahawa je? Kuna aina ya kahawa inaitwa Mibirizi, jina la hapahapa, lakini mbegu zake mapadri walizileta kutoka Guatemala mwanzoni mwa karne ya 20. Leo nani anamwambia mkulima ang'oe miti yake kwa sababu ni ya Guatemala? Kitu kikipandwa na kutunzwa kinakuwa cha mahali.

Tena mnaposema tungoje, mjue violini haingoji vizuri. Upinde ukiachwa umekazwa, mti wake unapinda. Unyevu wa huku unaachanisha gundi. Na mtu naye haanzi akajua. Kwenye gitaa kuna vyuma vinavyoonyesha kidole kikae wapi; kwenye violini hakuna alama yoyote, sikio ndilo linalokwambia kama umepotea, na sikio hilo linatafutwa kwa miaka. Kila mwezi kabatini ni mwezi ambao mdogo wetu mmoja angekuwa ameshajua sol, re, la, mi.

Mtauliza, mwalimu ni nani? Swali zuri, hilo tunalikubali. Tuna mzee mmoja wa kwaya anayesoma noti, na tuna simu moja yenye video za masomo. Kidogo, ndiyo. Hatusemi atatoka Joséphine hapa kesho. Pengine kwanza zitatoka kelele za paka, na majirani tunawaomba radhi mapema.

Tunachotaka kiko wazi. Ufunguo wa kabati ukae kwa kamati ya vijana, pamoja na daftari. Kila anayechukua aandike jina na saa, nusu saa kwa mtu, baada ya zamu ya maji. Ikivunjika, tutachanga tuitengeneze, na aliyeivunja ataandika mwenyewe kilichotokea.

Daftari tumeshalinunua. Lina majina 14, matano ya wasichana. Jumatatu saa kumi tutakuja tena mlangoni.